Kiti cha Upande wa Bahari

Sandnessjøen,
17 Machi

Kwako dada yangu mpendwa Ragnfrid,

Pokea salamu nyingi kutoka nyumbani. Natumaini wewe, shemeji na watoto hamjambo huko Kanada, na kikohozi cha yule mdogo kimekwisha. Mimi nipo, ila usingizi umenikimbia tangu tumzike mama.

Barua yako nimeipata. Unataka jiwe la kaburi lichongwe milima yetu, Dada Saba, na chini yake maneno: "Aliwaona wote saba." Mchongaji anasubiri neno langu, nami nimeshindwa kulitoa. Juzi uliponipigia nilisema mtandao mbaya, nikakata. Mtandao ulikuwa mzuri.

Unajua mama alivyotuomba. Daktari wa hospitali ya Trondheim, kule kusini, alipomwambia hakuna tena la kufanya, hakulia. Alisema tu arudishwe kwa ndege, akae dirishani, aione tena milima aliyoamka nayo miaka sitini. Nikaahidi kuchagua kiti mwenyewe, naye akanitania: "Haya bwana mtaalamu, usije ukanikalisha chooni."

Sisi tangu utoto twaambiwa tukae kushoto ndani ya ndege ili tuione milima. Ni kweli, ukitokea Bodø kuja kusini, na mimi siku zote nimetokea Bodø. Nikachagua kushoto bila kufikiri, dada, na safari hii tulikuwa tunakwenda kaskazini. Niligundua kosa tukiwa tumeshakaribia nyumbani: upande wetu bahari tupu na wingu la theluji linakuja, upande wa pili jua linawaka juu ya vilele.

Ndege ilijaa. Kwenye dirisha la kulia alilala mwanamume mwenye koti la wafuga samaki, kofia usoni. Ningemwambia tu samahani, mama yangu anakufa. Lakini unatujua, mtu wa kwetu husimama ndani ya basi safari nzima kuliko kumwomba mgeni aondoe mkoba kitini. Nilifungua mdomo, nikaufumba. Nikajiambia bado dakika moja, mpaka magurudumu yakagusa ardhi.

Tulipoteremka theluji ilikuwa imetuwahi. Haukuonekana hata uzio wa uwanja wa ndege, na ilianguka siku nne. Siku ya tano mama akafariki.

Sasa sikia nililokuficha. Mama hakugeuka hata mara moja. Alijua milima iko wapi kuliko rubani, lakini alikaza uso kwenye kioo, akitazama maji. Tulipotua alinishika mkono: "Ahsante mwanangu, nimewaona wote saba." Hivyo ndivyo alivyowaambia wauguzi, na mchungaji, na wewe kwenye simu.

Nilimnyima milima kwa sababu ya kuona haya, naye akanisitiri. Maneno hayo nikiyasoma kila Jumapili kaburini nitaumbuka. Nikiyakataa, nitakuwa nimemwita mama mwongo. Niamulie dada, hata kama ni kwa kunitukana.

Wasalimie wote, umbusu mdogo kwa niaba yangu. Leo mawingu yamefunguka, na kutoka mezani hapa wanaonekana wote saba. Nimeshusha pazia.

Ni mimi mdogo wako,
Torgeir