Tai Aliyebadilishwa Sura

Ami yangu,

Mara tatu nimekaa kukuandikia, na mara tatu nimeinuka. Leo siinuki mpaka nimalize, maana nimefanya jambo katika duka lako la usonara hapa mjini Chake, na ungelikuwepo wewe ndiye ungeniuliza kwanza.

Bi Maryamu wa Wambaa alikuja na sarafu ya dhahabu ya Marekani. Mwanawe Khamis, anayefanya kazi huko, alimpa mgeni aje nayo ili iyeyushwe, dada yake afuliwe bangili za harusi. Tangu ututoke sijaishika hata moja. Nikakumbuka ulivyokuwa ukinisimulia huku unapuliza moto: kwamba serikali yao iliwahi kuwakataza raia wake kuweka dhahabu kwa miaka arubaini na zaidi, kwamba baadaye walipoizuia sarafu ya Afrika Kusini kwa sababu ya ubaguzi, ndipo wakafua hii yao. "Yenye nyati ni dhahabu tupu, laini," ulikuwa ukisema. "Yenye tai ina shaba na fedha kidogo ndani, ngumu. Tazama nyuma: tai dume anarudi na tawi la mzeituni, jike na makinda wamo kiotoni wanamngoja."

Nikaigeuza. Hakuna kiota, Ami. Hakuna makinda. Kichwa cha tai tu, kinatazama pembeni. Nikapapasa ukingo wenye meno, nikakuta pengo. Uzito ulikuwa sawa, lakini nikaona huo ndio ujanja wenyewe. Dukani mlikuwa na watu watano. Nikasema kwa sauti, "Bi Maryamu, hii si yenyewe. Mwanao katapeliwa, au..." Sikumaliza. Ile "au" ilitosha.

Aliifunga kwenye leso yake. Mlangoni viatu vilimpa tabu, akavaa cha kushoto mguu wa kulia.

Sikulala, sikula vizuri. Kwa nini sikuipima kwa maji? Kwa nini sikuisugua kwenye jiwe la kujaribia dhahabu? Wewe hukuwahi kuhukumu kwa macho peke yake, na mimi nilihukumu kwa macho yako. Siku ya pili nikampigia sonara mmoja wa Unguja, nikamweleza. Akacheka. "Zuwena, picha wameibadilisha tangu mwaka 2021. Na hilo pengo la ukingoni wameliweka wenyewe, ili wanaoghushi washindwe."

Ulikuwa umeshakwenda, Ami. Hukuweza kuniambia. Lakini mimi ni hai, nilikuwa na mdomo wa kuulizia.

Nikafunga duka, nikaenda Wambaa. Nilimkuta uani anaanika muhogo na jirani zake wawili. Nilimwaibisha mbele ya watu, nikaona na radhi niiombe mbele ya watu. Nikapiga magoti. Hakuniinua.

"Mimi nimemwambia mwanangu kwenye simu kuwa ni muongo," akasema. "Nimemwambia asiniletee tena kitu chochote. Mimi unaniomba radhi, yeye je?"

Akampigia hapo hapo. Nikamweleza Khamis kila kitu. Akasema, "Nimefanya kazi zamu mbili mbili mwaka mzima kwa ajili ya sarafu hiyo. Mpe mama simu."

Sijui walisemezana nini. Bi Maryamu alikwenda nayo nyuma ya nyumba, na aliporudi macho yalikuwa mekundu. Akafungua leso, akaniwekea sarafu mkononi. "Ifue," akasema. "Lakini nitakaa nikutazame."

Akakaa kweli, siku mbili, kwenye kiti chako. Yule tai alipoanza kulainika motoni, nilishika koleo kwa mikono miwili, kama siku ya kwanza uliponikabidhi. Zikatoka bangili nne. Bibi harusi alizivaa Ijumaa iliyopita. Nilialikwa, Ami, na Bi Maryamu alinipa mkono, ila hakutabasamu. Khamis hajanijibu ujumbe wangu mpaka leo. Kila simu ikilia naruka.

Basi nnakuaga. Mola akunawirishie kaburi lako. Siwezi kukuahidi kuwa sitakosea tena. Dunia inafua vitu vipya kila siku na wewe hupo wa kunionesha. Nnakuahidi hili moja: atakayeingia hapa na kitu chake, hata kikiwa bati, atatoka na heshima yake.

Mwanao,
Zuwena