Nilikwenda Kwaya Kupumzika

Goba, Jumapili mchana

Mama mpendwa,

Shikamoo. Goti limepoa, au bado unalidanganya kwa maji ya moto? Na mvua ya huko Tukuyu, imekuachia hata siku moja ya kuanika mahindi? Huku kwetu joto linatuchemsha, ila wajukuu zako wanakula, wanasoma na wanagombana, kwa hiyo ni wazima. Mimi ndiye si mzima sana, na ndiyo maana nimeandika badala ya kupiga simu. Kwenye simu, ukinyamaza kidogo tu, huwa nakubali kila kitu.

Sikukwambia, lakini mwaka jana presha ilinipanda hadi nikaanguka ofisini. Unaijua kazi yangu ya afisa utumishi pale kiwandani Mikocheni: anayefukuzwa kazi ananililia mimi, na anayemfukuza ananituma mimi nikamwambie. Daktari, mama mmoja wa makamo asiye na haraka, alinipa dawa, kisha akaniuliza nje ya kazi nafanya nini cha kujifurahisha. Nikamwambia sina. Akasema, "Basi tafuta. Chora, fuma, cheza ngoma, imba, chochote kile, ilimradi kisiwe na bosi. Hiyo nayo ni dawa, usiiruke."

Nikajiunga na kwaya ya kanisani kwetu. Mama, miezi ile ya mwanzo! Nilisimama mstari wa nyuma, sauti ya pili, katikati ya muuza mboga na mwalimu wa chekechea, na hakuna aliyejua wala kuuliza nafanya kazi gani. Kuimba kunakulazimisha uvute pumzi hadi tumboni, na mimi nilikuwa nimeshasahau kupumua hivyo. Nilianza kulala usingizi wa kweli. Niliporudi kliniki, daktari alinipima mara mbili akidhani mashine imekosea, kisha akanipunguzia kidonge kimoja.

Halafu wakagundua kuwa nimesoma. Unatujua sisi: msomi akiingia kwenye kikundi, hata kiwe cha kuzikana, siku ya uchaguzi macho yote yanamgeukia yeye. Mwenyekiti wa kwaya akasimama, "Jamani, sista Atu yuko ofisini, kompyuta anaijua, barua anaandika. Tunahangaika nini? Awe katibu!" Wakapiga vigelegele. Nami, mzaliwa wa kwanza niliyefundishwa kutokataa, nikasema asanteni.

Tangu siku hiyo sikuimba tena. Wenzangu wakipasha sauti, mimi niko nje naandika barua za mialiko, au nasuluhisha akina mama wawili waliogombania kitenge cha sare. Nilitoka ofisini nikaingia ofisi nyingine, na hii haina hata kiyoyozi. Presha ikarudi palepale. "Si uliniambia unaimba?" daktari akauliza. Nikamjibu, "Naandika mihtasari." Alicheka, kisha akaona mimi sicheki.

Nikaenda kwa mwenyekiti kujiuzulu ukatibu. Akanitazama kwa huruma. "Sista, mie nakuelewa kabisa. Ila hii ni karama. Unamrudishia Mungu karama yake?" Nikamwambia karama niliyoitaka ni kusimama mstari wa nyuma. Kamati ikakaa bila mimi, na wamenisimamisha kwaya miezi sita kwa kosa la kukimbia uongozi. Leo nimekaa kwenye benchi na waumini, sauti ya pili imepwaya, na mimi nimefumba mdomo. Nina hasira, mama. Nina hasira nao, nina hasira na nafsi yangu, na unisamehe, nina hasira na wewe pia.

Wiki iliyopita ulinipigia ukasema harusi ya mdogo wangu Amani itafanyika huku Dar, na kwamba umeshawaambia baba wadogo mwenyekiti wa kamati ni mimi. Hukuniuliza kama nitaweza. Baba alipofariki nilikuwa na miaka kumi na tisa, na ni mimi niliyepanga msiba mzima, nani alale wapi, nani apike nini. Watu walisema, "Huyu binti ni mwanaume," nawe ukajivunia. Sikupata hata nafasi ya kumlilia baba yangu.

Jibu langu ni hapana. Nimeliandika kwa kalamu ili usije ukasema mtandao ulikuwa unakatakata. Punda afe mzigo ufike, ndivyo wanavyosema, lakini hakuna anayemuuliza punda. Amani ana marafiki, na ana mchumba mwenye akili kutuzidi sote. Mimi nitakuja kama dada wa bwana harusi: nitakula, nitacheza mpaka nivue viatu. Wakisema Atu anaringa, waache waseme.

Nisalimie bibi, mama mdogo anayekusaidia shambani, na jirani yetu mwalimu mstaafu, ambaye najua ndiye atakayekusomea barua hii. Mwalimu, shikamoo, na usiruke hata mstari mmoja.

Mama, ukishasikia haya, usinipigie kunibembeleza. Nipigie uniulize naendeleaje. Halafu unyamaze, unisikilize mpaka nimalize.

Mwanao wa kwanza,
Atupele