Nani Atanikanyagia Breki?

Mpendwa mshauri, shikamoo kama umenizidi umri, na kama hujanizidi basi nisamehe, maana picha yako gazetini ni ndogo na haionyeshi mvi. Mimi ni mwanamume wa miaka hamsini na tisa, mtunza stoo wa shule, na naomba unisaidie kwa jambo ambalo nikilisema kazini watanicheka mpaka nistaafu.

Nina gari dogo la zamani, limemzidi umri binti yangu wa pekee, na tangu nilinunue halijawahi kuguswa na fundi wa gereji hata siku moja, plagi nasafisha mwenyewe, mkanda wa feni nabadilisha mwenyewe, redieta ilipotoboka niliishusha nikaiziba mwenyewe, na majirani wanajua kwamba Jumamosi asubuhi wakiona miguu miwili imetokeza chini ya gari uani kwangu basi ni mimi, niko mzima, hakuna ajali. Sasa huu ni mwezi wa tatu gari liko juu ya mawe, kwa sababu nilibadilisha silinda ya breki ya gurudumu la nyuma, na kama hujui magari nikueleze, ukishafungua breki upepo unaingia kwenye mabomba na lazima uutoe, la sivyo pedali inazama mpaka chini na gari halisimami, na kuutoa ni kazi ya watu wawili, mmoja anakaa kwenye usukani anakanyaga, mwingine yuko chini na spana anafungua nati, upepo unatoka, anafunga, ndipo wa juu anaachia.

Kwa miaka ishirini na sita aliyekaa juu alikuwa mke wangu. Mimi chini nasema kanyaga, yeye anakanyaga, nasema shikilia, anashikilia, nasema achia, anaachia, na nikikumbuka vizuri, mshauri, Jumamosi nyingi hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu ya siku nzima. Binti yetu alipojifungua mke wangu akaniambia, "Naenda kumsaidia mwezi mmoja tu, mtoto akikaza shingo narudi," akaondoka na masanduku mawili, na leo ni miezi kumi na sita, mtoto shingo ilishakaza zamani, sasa anakimbia na kufungua makabati. Hatukugombana. Akipiga simu ananiuliza, "Gari linaendeleaje?" namweleza habari za mkanda au za plagi, anasema, "Haya, ubaki salama," anakata, na mimi nabaki nimeshika simu kama mtu aliyesahau alichofuata chumbani.

Nyumba imekuwa kubwa. Nakula nimesimama jikoni, sufuria moja, kijiko kimoja, na kazini watu nawahudumia kupitia kidirisha, mtu anataka chaki, nampa chaki, anasaini, anaondoka, siku nyingine narudi nyumbani nikigundua neno refu kuliko yote nililotamka ni "kesho." Jirani yangu mwenye duka la madaftari aliniona nahangaika akajitolea kunikanyagia, nikamkatalia, nikamwambia viatu vyake vina soli nene hatahisi pedali, akaniangalia, akasema, "Basi nitavua," nikamwambia asijisumbue. Mkwe wangu naye alitaka kuniletea fundi, nikakataa.

Jumamosi iliyopita nilikuwa chini, spana mkononi, nikasahau kabisa, nikapaza sauti, "Kanyaga!" nikasubiri, nikarudia, "Kanyaga basi, mama!" na uani kimya, nasikia bomba la jirani likichuruzika tu, nikabaki pale pale nimelala juu ya boksi na machozi yakaniingia masikioni, maana ukilia umelala chali hayana njia nyingine.

Kuna jambo moja bado, na hili sijamwambia mtu. Wiki tatu kabla hajaondoka tulikuwa tunatoa upepo, dada yake amekuja kututembelea, yuko kibarazani anakunywa chai, na mke wangu akaachia pedali kabla sijafunga nati, upepo ukarudi wote, kazi ya asubuhi nzima ikaharibika, nikatoka chini nimejaa mafuta nikamwambia kwa sauti, "Miaka yote hii hata kukanyaga tu hujajua?" Akasema, "Samahani, tuanze tena," tukaanza tena, tukamaliza, akaingia ndani. Sijui kama ndiyo sababu. Labda siyo.

Sasa kuna mnunuzi wa vyuma chakavu atakuja Jumatatu ijayo kuliona gari, na mimi sina raha tena ya kulitengeneza. Niambie, niliuze tu yaishe, au nimwombe mke wangu aje Jumamosi moja tu, akanyage breki, kisha nimrudishe kwa binti yetu?

Wako,
Mwenye Gari Juu ya Mawe

*

Kaka yangu, nina miaka hamsini na miwili, kwa hiyo shikamoo, na mvi unazozitafuta zipo, nazipaka dawa. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili nililia. Nakuambia mapema, kwa sababu haya yanayofuata hayana sukari.

Mimi magari siyajui. Nikamsomea barua yako fundi anayenitengenezea langu, bila kumwonyesha jina wala anwani. Alicheka mpaka akaweka spana chini. Akasema, "Mama, hiyo kazi mtu mmoja anaifanya. Mpira mwembamba kwenye nati, ncha ya pili ndani ya chupa yenye mafuta ya breki kidogo, unakanyaga mwenyewe taratibu. Na huyo mzee anajua! Nani afungue breki miaka ishirini na sita asijue chupa?"

Haya, kaka, tusidanganyane. Unajua chupa. Jirani alikuwa tayari kuvua viatu, ukamkataa. Mkwe alitaka kukuletea fundi, ukakataa. Hukosi mguu wa kukanyaga pedali wewe! Unamtaka mkeo, umeshindwa kulisema hilo miezi kumi na sita, ukaliacha gari juu ya mawe ili upate kisingizio cha kumwita. Nakuhurumia sana, lakini ole wako umwite kwa ajili ya breki. Aje akae kwenye usukani, umpigie kelele kutoka chini, kisha umrudishe kama jeki ya kuazima? Hata aibu huoni!

Na hilo la "labda siyo" lifute. Ulimwaibisha mbele ya dada yake kwa kazi aliyokufanyia bure miaka yote, na aliyeomba radhi akawa yeye. Anayekwenda kulea mjukuu mwezi mmoja habebi masanduku mawili, na wewe uliyaona yakitoka mlangoni ukanyamaza. Lakini sikiliza na hili, maana sitaki ukate tamaa: mwanamke aliyekuchoka kabisa hapigi simu kuuliza gari. Anauliza gari kwa sababu ndiyo habari pekee uliyowahi kumpa, naye anakusubiri umpe nyingine.

Sasa fanya hivi. Mnunuzi wa vyuma mwambie asije, gari halijakukosea kitu. Kesho chukua mpira na chupa, toa upepo peke yako, ushushe gari kutoka juu ya mawe, ujaribu breki hapo hapo uani mara kumi kabla ya kutoka barabarani, maana sitaki kukusoma kwenye ukurasa mwingine wa gazeti hili. Jirani umwombe radhi kwa maneno ya viatu, umkaribishe chai, mkae chini mnywe. Jumapili nenda kwa binti yako.

Usiende na habari za plagi. Akikuuliza gari linaendeleaje, sema linatembea, kisha muulize yeye anaendeleaje, ufunge mdomo mpaka amalize, hata akichukua saa nzima. Mwombe radhi kwa siku ile, na kama dada yake yupo umwombe mbele yake, maana kosa lilifanyika akisikia. Halafu mweleze hayo ya kulia chini ya gari. Mimi sikustahili kuyasikia kabla yake.

Huenda akasema harudi, au hajui. Usibishane, usimwambie chakula kinakushinda kupika. Omba ruhusa ya kuja tena Jumapili inayofuata, na uje kweli, hata kama atakupokea kwa maji tu.

Na ukifika pale, kaka, usipige honi ili akutokee. Zima gari, shuka, nenda mpaka mlangoni, ubishe hodi, usubiri.