Kumshinda Polikarp kwa Gofu

Jumatatu, 8 Novemba 1993

Leo nimemwona. Polikarp! Yupo hapa hapa Sumbawanga, amestaafu, kofia nyeupe kichwani, anapiga gofu na wazungu wa mradi wa barabara kwenye kiwanja chao cha mashimo sita. Watu wamejaa pembeni wanamshangaa. Anawaambia eti yeye ndiye Mfipa peke yake anayeujua mchezo huu.

Mwongo. Mimi naujua. Abercorn, kule ng'ambo ya mpaka, mwaka 1951, tulikuwa wote tunabeba mifuko ya fimbo za mabwana. Na mimi ndiye nilikuwa namba moja. Bwana akipoteza mpira kwenye majani, mimi nauona kama mwewe. Polikarp alikuwa hauoni hata ukiwa mkubwa kama boga.

Halafu mipira mipya kumi na miwili ya klabu ikapotea. Ikakutwa ndani ya blanketi langu. Nani aliiweka? Nani alikwenda kunisema kwa bwana? Viboko sita. Nikarudi kijijini kwetu Mwazye kwa miguu, nikakuta jina limefika kabla yangu — Baltazari Mipira. Miaka arobaini na miwili naitwa hivyo. Mpaka watoto. Mpaka mke wangu Silvana, nikimuudhi.

Mradi umetangaza mashindano, Jumamosi tarehe 20. Mtu yeyote anaingia. Mshindi atapewa kazi, kutunza kiwanja na kufundisha watu. Kazi siitaki, nina shamba. Namtaka Polikarp. Mbele ya watu.

Alhamisi, 11 Novemba

Nimekwenda ofisi ya mradi kuazima fimbo. Nimemkuta karani, Rhoda, binti wa kutoka Mbeya. Baba yake alikuwa mpishi kwenye mashamba ya chai Rungwe, huko ndiko binti alikojifunzia gofu. Amenipa shikamoo vizuri. Halafu akauliza kama nimewahi kucheza.

Nikamwambia, mwanangu, mimi nilikuwa nabeba mifuko ya mabwana baba yako bado ananyonya.

Akasema, "Kubeba, babu. Mimi nimeuliza kupiga."

Mtoto ana mdomo! Nikachukua fimbo nimwonyeshe. Nikanyanyua juu kabisa, nikashusha kwa nguvu zangu zote. Mpira haukutoka. Ulizama ardhini. Rhoda akauchimbua kwa vidole.

Amesema nije kila jioni akitoka kazini. Nimesema nitafikiria.

Nitakwenda.

Jumanne, 16 Novemba

Siku ya nne ya mafunzo. Kichwa kisinyanyuke. Mikono isibane fimbo kama naning'inia mtini. Magoti yalegee. Sheria nyingi kuliko za serikali! Nikamwambia mabwana wa Abercorn hawakufanya hivyo. Akasema labda ndiyo maana walikuwa wanapoteza mipira mpaka wakanihitaji mimi.

Mpira bado unazama. Rhoda akaninyang'anya fimbo, akaniuliza asubuhi nilikuwa nafanya nini. Nikasema navunja ntumba, yale matuta yetu ya duara, mvua zimekaribia. Akacheka mpaka akakaa chini. "Basi ndiyo hapo, babu! Unanivunjia matuta kwenye kiwanja! Tupa jembe. Shika fyekeo."

Fyekeo! Nani Ufipa nzima anafyeka kunishinda? Nikasimama kama nafyeka majani nyuma ya nyumba. Fimbo ikapita chini chini, ikaendelea mpaka begani. Mpira ukaruka. Ukaruka mpaka ng'ombe wa Msukuma mmoja wakageuka kutazama.

Niliuona uso wa Polikarp kwenye ule mpira. Nikapiga mingine thelathini. Sikuchoka.

Jumatano, 17 Novemba

Kazi ya leo ni kusukuma mpira mdogo mdogo uingie shimoni. Hapo ndipo watu wanaposhindwa, Rhoda amesema. Pale penye shimo hakuna majani, ni duara la mchanga uliochanganywa na oili chafu, unasawazishwa na mbao kabla hujapiga. Mabega yatembee, mikono ilale.

Nyumbani nimefukia kikombe uani nifanye mazoezi. Silvana akaja akasimama juu yangu. "Mipira, hicho kikombe ni cha wageni."

Jina hilo, ndani ya nyumba yangu. Nikaingiza kumi na saba mfululizo.

Ijumaa, 19 Novemba

Nimekutana na Polikarp dukani, tena mbele ya watu. "Aa, Mipira! Nasikia unafundishwa na mtoto wa kike! Kesho usijaze mifuko, watakupekua!" Duka zima limecheka. Muuza duka alicheka mpaka akamwaga sukari.

Cheka, Polikarp. Cheka leo.

Jumamosi, 20 Novemba

Leo naandika mengi, mpaka mkono uchoke.

Tumeingia watu kumi. Tunacheza wawili wawili, mwenye mipigo michache kuliko wote ndiye mshindi. Nilimwomba Rhoda anipange na Polikarp, wa mwisho. Nimevaa koti langu la mitumba, la kijivu, limenikaa kama la mkuu wa mkoa. Watu wamejaa. Wanapiga kelele, Mipira, Mipira!

Shimo la kwanza nilimwacha. La pili akanikamata. La tatu mpira wake ukaingia kwenye majani marefu, akazunguka, akazunguka, haoni! Mimi nimeuona tangu unaanguka. Nikanyamaza. Akaongezewa mpigo wa adhabu. Ilinipendeza hiyo, sitasema uongo.

Shimo la nne na la tano hakuna aliyemwacha mwenzake. La sita, la mwisho, amemaliza yeye kwanza, jumla mipigo thelathini. Mimi nina ishirini na nane na mpira wangu umelala hatua tatu kutoka shimoni. Hatua tatu! Nikiingiza, nimeshinda. Wale wengine wote walishapita arobaini.

Mvua! Ilishuka kama imetumwa. Duara la mchanga likawa bwawa, shimo likajaa. Wakaweka kijiti mahali pa mpira wangu. Kesho baada ya misa, maji yakikauka, nitamalizia.

Mvua ilipokatika tu, saa kumi, Polikarp kaja kwangu. Miguu matope mpaka magotini. Hakukaa kwenye kiti, alikaa kwenye kinu.

Amesema kazi ile ni yake, alishaahidiwa kabla mashindano hayajafikiriwa. Amesema ana wajukuu watano ndani na mama yao kafa. Amesema nikose kesho. Nikose mara mbili, nimalize na thelathini na moja.

Nikamwambia aondoke.

Hakuondoka. Akasema, "Baltazari, ile mipira niliiba mimi." Hivyo tu. Alisikia wanakuja kupekua, akaisukuma kwenye blanketi langu. Kisha akasema kesho atayasema mbele ya mlango wa kanisa, kila mtu asikie, kwanza yeye aseme, ndipo mimi nipige. Mimi nipate jina langu, yeye apate kazi.

Silvana alikuwa mlangoni na ungo wake. Kasikia yote. Kanitazama. Muda mrefu hajanitazama vile.

Nikasema sawa. Nimempa mkono. Nimeunawa, lakini nimempa.

Jumapili, 21 Novemba

Naandikia kiwanjani, daftari liko gotini. Wanasawazisha mchanga.

Amesema! Misa ya Kristo Mfalme imekwisha, watu wametoka, akapanda ngazi ya kanisa akavua kofia. Akasema yote, Abercorn, mipira, blanketi, viboko vyangu. Hakupunguza kitu. Akalia.

Nilikuwa nimesimama, koti nimefunga vifungo vyote. Nangoja wanigeukie mimi.

Wakamwendea yeye! Padri kamshika mabega, kamwambia huo ni ujasiri mkubwa. Wanawake wanafuta macho. Wanaume wamepanga mstari wampe mkono, muuza duka naye yumo kwenye mstari! Mtu mkubwa, wanasema, angeweza kunyamaza mpaka kaburini. Mtu mkubwa! Silvana tu ndiye alikuja upande wangu, akaniita Baba Leonsi, sauti ya chini. Wengine hakuna. Hata mmoja. Halafu mmoja akapaza sauti kutoka nyuma, "Mipira, msamehe mwenzio!"

Mipira. Bado.

Viboko vile sita nilipigwa mimi. Machozi kalia yeye, na pole kapewa yeye.

Sasa amekaa ng'ambo ya duara, ametulia, kofia kaivaa tena. Wajukuu wake wamekuja, wote watano, mdogo amelala mapajani mwake. Amenipungia. Anajua nilimpa mkono.

Maji yamekauka. Mchanga umelala sawa kama meza. Kijiti kimetolewa, mpira umewekwa. Hatua tatu, hakuna mteremko, hakuna majani, hakuna upepo. Rhoda anasema kichwa kisinyanyuke, mabega yatembee. Hajui tulichopatana. Ananiuliza, babu, mbona unaandika tu? Anasema watu wanangoja, zamu yako.

Nimeutazama mkono wangu. Nimempa, lakini nimeunawa. Sikosi.