Nimeipinga Kodi ya Kaboni, Mke Wangu Anasema Nimeukataa Uchumi

Mshauri wangu mpendwa, naomba unisaidie kabla sijapoteza ndoa kwa sababu ya moshi, na sisemi moshi wa sigara maana sivuti, nasema moshi wa viwanda na magari. Mimi ni mwalimu wa uchumi chuoni, na mke wangu naye alisomea uchumi, tena tulikutana darasani, siku mhadhiri wetu alipokuwa anaeleza kwamba mtu akiruhusiwa kuwatupia wenzake moshi bure atautupa bila kipimo, ila ukimtoza kwa kila kiasi anachotupa ataanza kufikiria, na binti mmoja wa benchi la mbele akanyoosha mkono akauliza, "Na kama anayetupa ni maskini?" nami nikajua pale pale kwamba huyu nitamuoa, nikamuoa.

Miaka imepita, mimi nafundisha somo lilelile, mke wangu yuko serikalini, na ni mmoja wa watu waliopewa kazi ya kuandika muswada wa kodi ya kaboni, yaani kodi itakayowekwa kwenye dizeli, makaa ya mawe na mafuta ya taa kulingana na moshi unaotoka vikichomwa. Jioni moja tulikuwa tunaosha vyombo, yeye anasugua mimi nasuuza, akawa na hasira za kazini, akaniambia kwamba rasimu ya kwanza ilisema pesa za kodi hiyo zitarudishwa kwa wananchi, hasa wa kipato cha chini, sasa wakubwa wameifuta sehemu hiyo, na juu ya hapo viwanda vya saruji vimesamehewa kabisa wakati bibi anayewasha taa ya mafuta atalipa. Akasema, "Hata hivyo bora ipite, matundu tutayaziba baadaye. Ila hili halijatoka nje, usimwambie mtu." Nikamwambia, "Nimwambie nani mimi, mke wangu?" na nilikuwa namaanisha.

Basi redio wakanialika kwenye kipindi cha asubuhi nijadiliane na mwalimu mwenzangu wa chuo kingine, mtu mmoja anayeongea kama amemeza kipaza sauti, naye hata kiti hakijapata joto akatamka, "Kuipinga kodi ya kaboni ni kuukataa uchumi wenyewe. Ni kama daktari asiyeamini vijidudu." Mshauri, damu ilinipanda. Mimi? Niliyefundisha kodi hiyo mpaka chaki ikaniingia mapafuni? Nikasema naipinga kodi HII, siyo wazo lake, na nikiwa na moto huohuo nikaeleza sehemu iliyofutwa, nikaeleza na saruji. Mtangazaji akaniuliza, "Mwalimu, muswada haujatangazwa, haya umeyatoa wapi?" nikajibu, "Nina vyanzo vyangu," kwa sauti nzito, na nakiri nilijisikia vizuri.

Simu zikaanza kumiminika, watu wananiita simba, wananiita mtetezi, na mimi nikanogewa nikaongeza kwamba kwanza bei haibadilishi tabia ya mtu, dereva ataendesha tu, mpishi atapika tu, kodi hii ni kuwakamua watu basi. Studio nzima ikacheka isipokuwa yule mwenzangu, aliyekuwa ananitazama kama mtu aliyeona shati langu limepasuka mgongoni na hajui aniambieje.

Tangu siku hiyo nimekuwa maarufu kwa namna nisiyoielewa. Malori yananipigia honi. Kuna moja limeandikwa nyuma MWALIMU KASEMA. Kinyozi wangu amenipongeza kwa kuthibitisha kwamba haya mambo ya hali ya hewa kubadilika ni uongo, jambo ambalo sijawahi kulisema popote, ila sikumsahihisha kwa sababu wembe ulikuwa shingoni.

Lakini nyumbani, mshauri, nyumbani ni jokofu. Mke wangu haongei na mimi. Mama yake yuko kwetu kwa matibabu ya macho, basi maneno yote yanapitia kwake. "Mama, mwambie mwalimu chumvi iko mbele yake." Mama mkwe anasema, "Mwanangu, huyu hapa, masikio anayo." "Mwambie hivyohivyo." Siku moja tu alinisemesha moja kwa moja, mbele ya mama yake, akasema, "Umeukataa uchumi. Umekataa kila kitu tulichosoma," akaingia chumbani.

Nimejitetea kisomi. Nimetoa nakala za makala za wachumi wakubwa wanaotofautiana kuhusu kodi hii, nimezipigia mistari, nimemwekea juu ya mto. Kesho yake nimezikuta zimetandikwa chini ya ndoo ya taka. Kazini kwao nako kuna vikao vya kutafuta nani katoa siri, kwa hiyo anarudi amechoka, lakini hayo ni mambo ya kiofisi, kinachoniuma mimi ni huku kuitwa msaliti wa taaluma yangu ndani ya nyumba yangu.

Ninachoomba ni jibu moja la wazi: je, mtu akiipinga kodi ya kaboni ameukataa uchumi? Nijibu haraka, nataka nimsomee.

Mimi,
Mwalimu Aliyenuniwa

JIBU LA SHANGAZI MKAVU

Mwalimu, hujambo. Hapana, usinijibu, ukianza kuongea hunyamazi.

Nianze na swali lako, kwa sababu umelipamba sana. Nilisoma uchumi kidogo kabla sijahamia kwenye ndoa za watu, ambako soko ni gumu zaidi. Uchumi wa kawaida, ule unaofundishwa vyuoni, unasema hivi: moshi wa mtu mmoja ni hasara ya wengi; ukiuwekea bei, kila mtu ataupunguza pale anapoweza kupunguza kwa urahisi, na hiyo ni njia nafuu kuliko kumtuma askari akague kila bomba. Wachumi wengi wanakubaliana hapo. Ila huo ni ujuzi wa kifaa. Mtu anaweza kujua vizuri sana kwamba kisu kinakata na bado akasema, "Msimpe yule." Nani ataumia zaidi, pesa zitakwenda wapi, waliosamehewa wamesamehewa kwa nini, nchi jirani isipotoza, viwanda si vitahamia huko: hayo kitabu kinakusaidia kuyapima, lakini hakikupigii kura. Kwa hiyo mwenzako wa redioni alikosea. Kuipinga kodi siyo kuukataa uchumi. Tena uliposema kwamba kumsamehe mwenye saruji na kumtoza bibi wa taa ni vibaya, wewe ndiye uliyekuwa unakitetea kitabu.

Umefurahi? Furahi upesi, maana naendelea.

Kuna kupinga kwa aina nyingine, na wewe ulizifanya zote mbili kwa mdomo mmoja. Uliposema bei haibadilishi tabia ya mtu, hapo uliuchukua uchumi mzima ukautupa dirishani. Kama bei haibadilishi tabia, unafundisha nini pale chuoni? Warudishie wanafunzi ada zao uende ukauze karanga, na ukipandisha bei ya karanga utaona tabia inavyobadilika. Wala hukuamini ulichosema. Ulisikia makofi ukayafuata. Ndiyo maana kinyozi anakupongeza kwa mambo usiyoyasema: ukishaanza kuongea lugha ya watu wasiotaka kusikia hesabu yoyote, wanakujazia maneno mengine wenyewe.

Na mkeo anayeitaka kodi yenye matundu, kwa kuamini kwamba ikishapita ataziba matundu baadaye, naye hajakosea uchumi. Anapima hatari tofauti na wewe. Watu wawili wenye kitabu kimoja mnaweza kulala kitanda kimoja na kura mbili.

Haya, sasa tuongee kilichokuleta hapa.

Nimeisoma barua yako tena na tena, nikitafuta mahali unaposema pole kwa mkeo. Sikupaona. Nilichokiona ni nusu sentensi umeipitisha mlango wa nyuma: kazini kwao kuna vikao vya kutafuta nani katoa siri. Mambo ya kiofisi, unasema! Mwanaume wewe! Aliyetoa siri ni yeye, kwa mdomo wako. Kila asubuhi anavaa viatu anaenda kukaa kwenye meza wanayotafutia mwizi, akijua mwizi yuko kwake anapiga mistari kwenye makala. Hawezi kujitetea bila kukutaja, na akikutaja amejitaja. Na nyumbani hawezi kukufokea lile lenyewe, kwa sababu mama yake yupo na hataki mzazi mwenye macho mabovu alale na hofu ya mtoto wake kufukuzwa kazi. Basi akatafuta kosa lako dogo linaloweza kusemwa mbele ya watu. Ndiyo hilo la uchumi. Wewe ukalibeba hilohilo, ukaenda maktaba.

Halafu nikuonyeshe jambo. Barua uliyonitumia ilikuwa na cheo cha mkeo, idara yake, na hata ghorofa ya ofisi yake. Gazetini! Nimevifuta vyote kwa mkono wangu. Hiyo ni mara ya pili unamtangaza, na safari hii hata makofi hukuahidiwa.

Fanya hivi. Usimsomee jibu hili. Mama mkwe akienda kliniki, mkae wawili, umwambie ulichofanya, kwa maneno mafupi, na neno "lakini" uliache nje na viatu. Usimwambie kodi, usimwambie saruji. Mwambie, "Uliniamini nikakuuza, na unalipa wewe." Kisha unyamaze, hata akilia, hata akikutukana, hata akikosea hesabu. Baada ya hapo muulize anataka ufanye nini kuhusu kazini kwake, na ufanye hichohicho. Usikimbilie kwa mkuu wake kujifanya shujaa. Unaweza kummaliza kabisa. Redioni rudi, useme ulikosea kuhusu bei, na ueleze upya kwa nini unaipinga kodi hii, kwa sababu zile za kweli ulizo nazo, bila kutaja chochote kisichotangazwa. Watakaokuita simba watapungua. Na kinyozi umsahihishe, akishaweka wembe chini.

Na makala usiweke tena juu ya mto. Pale panalaliwa.

Wasomaji wangu, jibu hilo nilimtumia mwalimu mwenyewe moja kwa moja, nikaikalia barua yake mpaka mambo ya ofisini yaishe. Naichapisha leo kwa ruhusa ya mkewe, aliyeniandikia haya:

"Shangazi, shikamoo. Aliniambia. Alitokwa jasho kama mtu anayebeba gunia, ila 'lakini' haikutoka, ingawa niliiona inamtembea mdomoni. Nililia, nikamtukana, akanyamaza. Aliponiuliza anisaidieje, nilimwambia asinisaidie. Nilikwenda mwenyewe kwa mkuu wangu, nikamwambia siri ilitoka kwangu, nilimsimulia mume wangu na sikupaswa. Hakunifukuza. Aliniambia, 'Afadhali umesema wewe kuliko ningekukuta,' akaniondoa kwenye muswada ule siku hiyohiyo. Sasa niko kitengo cha ushuru wa vinywaji, na muswada nilioulea unamaliziwa na watu wengine, matundu yake yote yakiwa palepale. Hilo linaniuma mpaka leo, na yeye anajua.

"Redioni alirudi. Alijisahihisha vizuri, hakujikweza, na yule mwenzake wa chuo kingine akakubali naye kwamba alizidisha kuhusu daktari na vijidudu. Simu zilizopigwa zilikuwa mbili, moja imekosea namba. Kodi bado anaipinga, mimi bado naitaka, na tunabishana mezani mpaka mama anatuomba tupunguze sauti ale kwa amani. Hapo nampenda kama zamani.

"Ila bado hatujafika. Kwa sasa namwambia yale tu yaliyokwisha kutangazwa. Akiniuliza siku yangu kazini imekuwaje, namwambia asubiri taarifa ya habari."