Kibuyu cha Mama Masele

Machimbo ya Geita
7 Machi 1937

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba barua hii ikukute mzima, na kifua kiwe kimepoa, maana najua moshi wa kukausha samaki wa ndagala unavyokutesa. Mimi mwili wangu hauna ugonjwa.

Tulipanda meli mpaka Kigoma, gari moshi mpaka Mwanza, mashua mpaka Nkome, kisha tukatembea kwa miguu. Duka la baba ni kibanda cha miti na bati, kando ya njia ya wachimbaji. Mimi nalala nyuma ya magunia.

Mama, hapa hawajui mawese. Ile chupa uliyonifungia kwenye kanga niliifungua siku ya pili, nikawapikia wageni wa baba maharage kama unavyopika wewe. Nilipoweka bakuli chini, wote waliangalia ndani, wakarudisha mikono. Jirani yetu Limi, anayepika pombe ya mtama, akasema, "Yalaa! Msichana wa Usumbura ametupikia damu!" Wakacheka mpaka wakashika mbavu. Nilidhani baba atawaambia kwamba ni mafuta tu, maana ameyala mawese miaka kumi na miwili nyumbani kwako. Naye akacheka. Kisha akachukua bakuli, akawamwagia mbwa mlangoni, akaniambia niendelee kukaa pale pale niwatazame wakila.

Sokoni nako nimekosea. Nilimwendea mama mmoja mwenye michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani, nikamwuliza bei gani, kama tunavyouliza ufukweni mitumbwi inapofika. Akaendelea kupanga michembe yake. Nikauliza tena kwa sauti. Limi akasema nyuma yangu, "Wewe wa kwa Wabelgiji, huku mtu husalimiwa kwanza. Au kwenu watu ni mizigo?" Kumbe hapa unachuchumaa, unasema mwangaluka, unauliza habari za nyumbani, za mvua na za ng'ombe, ndipo ununue. Nilirudi bila kitu, na baba akala kwa Limi. Mimi sikula.

Lakini usihuzunike. Baba ameniahidi jambo mbele ya watu. Amesema nikijua kununua na kupika vyakula vya hapa, na kuvila bila kukunja uso, atanirudisha kwako mwezi wa Agosti, niwahi shule. Tafadhali mwambie Sista Justa asimpe mtu mwingine dawati langu. Nimeanza kujifunza leo hii.

Mwanao,
Zuleha


Usumbura
25 Aprili 1937

Mwanangu Zuleha,

Marahaba, marahaba, mama. Mimi sijambo. Kifua kinakuja na kwenda. Naandika mwenyewe, kwa mkono wangu, kama ulivyonifundisha kwenye ubao wako, kwa hiyo nimechukua siku nne.

Baba yako nilimjua kabla hujazaliwa. Hata aliponiacha alicheka. Usimjibu. Ameahidi mbele ya watu, na mbele ya watu huona haya. Basi jifunze. Kila wanachokula, kula. Wakichuchumaa, chuchumaa. Mtu akikucheka, msalimie yeye kwanza kesho yake.

Na adabu zetu usiziache njiani. Jirani akikuletea kitu, chombo chake usikirudishe kitupu hata siku moja. Tia chochote: chumvi, maharage, hata limau moja. Ndivyo nilivyolelewa na ndivyo nilivyokulea. Huko hawamjui bibi yako wala mimi. Watatujua kwa chombo unachorudisha.

Sista Justa nimemwona. Amesema shule itafunguliwa Septemba, na dawati lako ni la pili kutoka dirishani, kama zamani.

Mama yako,
Kijakazi


Machimbo ya Geita
13 Juni 1937

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Habari za kifua? Barua yako nimeiweka chini ya mkeka ninaolalia, nimeisoma mpaka mikunjo imechanika. Umeandika vizuri sana. Mimi ni mzima, na nimenenepa kidogo, wewe mwenyewe utaona.

Nimejua, mama! Sasa najua kusonga ugali wa mtama, mgumu, wa kukatika bila kunata mkononi. Najua kupika nsansa, majani makavu ya kunde, kwa karanga. Najua kuchagua samaki, sato kwa kutazama jicho, na furu kwa kunusa. Sokoni wananiita kwa jina. Maziwa ya mgando yalinitapisha mara mbili, nikatoka nje ili baba asinione, nikarudi nikanywa tena. Sasa nakunywa bila kufumba macho.

Maziwa yenyewe yalinijia hivi. Yupo mama mmoja wa kaya ya mbali, Mbuke, watu humwita Mama Masele. Huleta samli dukani. Siku moja nilitaka kununua maziwa yake. Akasema, "Maziwa hatuuzi, ng'wanone." Maana yake ni mwanangu. Akanipa kibuyu kizima, bure, akaenda zake. Nikafanya ulivyonifunza. Nilikiosha kwa majivu, nikakisuuza, nikakitia chumvi ya Uvinza mpaka shingoni, na alipokuja nikampa kwa mikono miwili. Mama, angalia jinsi adabu zako zinavyofanya kazi: yule mama alikitikisa, akasikia kina kitu, akapiga kigelegele pale pale dukani! Wiki iliyofuata akaleta kingine. Nikatia maharage. Sasa vimefika vinne. Baba, ambaye zamani hakunipa hata punje ya sukari, ndiye anayenifungulia gunia. Husema, "Tia. Tia zaidi."

Jumapili iliyopita alikuja na mwanawe, Masele, mtu mzima rika la baba, mwenye ng'ombe wengi huko Songwa. Niliwapikia.  Masele alikata tonge, akalibonyeza, akamtazama mama yake. Limi alikuwa mlangoni, akasema, "Huyo sasa ameiva." Kwa mara ya kwanza hakunicheka. Nilifurahi, nikampelekea na yeye sahani.

Baba na Masele wanataka kufungua bucha ya wachimbaji, ndiyo maana nyumba ina furaha. Nimemkumbusha baba habari ya Agosti. Amenishika kichwa akasema, "Kwa jinsi unavyopika, huwezi kukaa hapa muda mrefu." Umesikia, mama? Mimi nahesabu Ijumaa. Zimebaki nane.

Mwanao,
Zuleha


Usumbura
4 Julai 1937

Mwanangu,

Marahaba. Mungu akuweke. Barua yako nimewasomea majirani wote, na pale kwenye kigelegele nao wamepiga kigelegele. Nimelia kidogo, lakini ni kilio cha kushukuru.

Huyo Mama Masele mheshimu kama mimi. Katika watu wote wa huko amekuona yeye. Usichoke kumrudishia. Vibuyu vya mwisho kabla ya kuondoka vijaze vizuri kuliko vyote, ili akukumbuke.

Nimekununulia kitambaa cha buluu cha nguo ya shule. Sijakikata, maana umesema umenenepa.

Mama yako,
Kijakazi


Usumbura
12 Septemba 1937

Zuleha mwanangu,

U hali gani? Mimi sijambo, ila macho yameniuma kwa kutazama gati. Agosti yote nilikwenda kila meli ilipotia nanga. Nikadhani upepo wa ziwani. Nikadhani umeugua, na baba yako hajui kuandika ugonjwa. Nikadhani barua imekwama Kigoma.

Shule imefunguliwa Jumatatu. Sista Justa ameweka ubao wako juu ya dawati ili asikae mtu. Amesema atangoja mpaka mwisho wa Novemba.

Zamoyoni, yule mfanyabiashara wa chumvi, anakwenda Shinyanga. Nimemwomba afike mpaka Geita, na amekubali. Namtuma na kopo la mawese, mekundu, ya msimu huu. Kula mpaka ushibe. Kopo usihangaike kulijaza safari hii. Utarudi nalo wewe mwenyewe, mkononi mwako, na hicho ndicho nitakachokipokea.

Usiponijibu, mjibu hata Zamoyoni kwa mdomo.

Mama yako


Songwa
21 Novemba 1937

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Naomba kifua kiwe kimepoa. Mimi mwili hauna ugonjwa.

Zamoyoni hakunikuta Geita. Amenifuata mpaka huku, na sasa amekaa nje anangoja niandike. Ameniambia nisiandike mengi kwa sababu ya kifua chako. Lakini wewe umeandika siku nne kwa mkono wako, basi nami nitakuandikia kweli.

Katika nyumba ya Mama Masele, mama humpelekea maziwa binti anayemtaka kwa mwanawe. Binti akikirudisha kibuyu kitupu, amekataa, na hakuna anayekasirika. Akikirudisha na kitu ndani, amekubali. Mimi nilikirudisha na kitu mara saba. Cha saba nilitia mchele, nikakifunga mdomo kwa utepe wangu wa shule, kwa sababu uliniambia nijaze vizuri kuliko vyote.

Baba alijua tangu kile cha kwanza. Limi alijua. Soko zima lilijua. Nilipolia na kusema sikujua, baba akaniita mbele ya wazee akaniambia nitoe barua zako. Nikazitoa, nikidhani zitaniokoa. Akawasomea ile ya Aprili, mahali pa chombo. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Akasema, "Mnaona? Mama yake ndiye aliyemwoza. Mimi nimekunywa maziwa tu."

Nilimwambia, "Baba, uliniahidi Agosti." Akajibu, "Nilisema hutakaa hapa muda mrefu. Unakaa?"

Masele alisilimu Jumatano, nikaozwa Ijumaa. Ng'ombe wa mahari walikuwa ishirini na wawili. Hawakupelekwa zizini. Walipelekwa buchani. Kabla sijaondoka Geita niliona wawili wakichinjwa, na wachimbaji wamejipanga toka mlangoni mpaka kwa Limi, kila mtu na sufuria yake. Baba alinikatia kipande cha ini, akakifunga kwenye jani, akaniambia, "Kula. Hii ni yako mwenyewe." Nilikula, mama. Nilikuwa na njaa, na sikukunja uso.

Huku mimi ni mke wa tatu. Wake wakubwa si wabaya kupita wengine. Wakubwa hula kwanza, watoto hula, kisha mimi hukwangua chungu. Mama Masele, aliyeniita ng'wanone, sasa haniiti kitu. Akitaka maji hugonga kata chini. Juzi nilimwambia kwamba nilifanya kwa adabu tu, ile chumvi na yale maharage. Akasema, "Najua. Msichana wa hapa angekirudisha kitupu. Masele walishamkataa wanne."

Mawese yamefika. Nilipofungua kopo, wake wenzangu walikimbia nje wakisema nimeleta damu. Sikuwapikia. Nimekula peke yangu, kwa kidole, nyuma ya ghala, siku tatu. Nimekula mpaka nikaumwa tumbo. Yalikuwa matamu vile vile.

Mwambie Sista Justa auondoe ubao. Mtoto mwingine akae pale, ni mahali penye mwanga. Kile kitambaa cha buluu usikikate.

Kopo nimeliosha kwa majivu, nikalisuuza mara tatu, nikalianika. Zamoyoni atakupa. Ulisema nitalirudisha mkononi mwangu. Linakuja bila mimi, na ukilitikisa hutasikia kitu. Sikusahau ulivyonilea. Chumvi ipo hapa, karibu na mkono wangu, na nimeitazama tangu asubuhi. Lakini sitii tena kitu katika chombo cha mtu yeyote, hata chako.

Mwanao,
Zuleha