Mti Niliokumbatia

Mwenzangu, uko? Nimemaliza chupa nzima ya maji kuosha uso na bado nanuka.

Si tumesimama njiani kwenye ule msitu wa miti ya kale? Mume wangu akatangulia, mimi nikabaki kufunga gari. Nafika, ananiambia, "Mke wangu, kumbatia huo mti nikupige picha."

Mti mnene kama nyumba. Nikapiga magoti, nikaukumbatia, shavu nimelibandika kwenye gome. Nikasikia unyevu, nikajua ni utomvu. Nikaubusu. NIKAUBUSU!

Mlinzi wa msitu akaja mbio: "Dada, toka hapo! Wasafiri wanakojoa upande huo!"

Namgeukia mume wangu, anacheka mpaka machozi. Kumbe unyevu ule ni wake! Amekojoa, amefunga zipu, ndipo akaniita nikumbatie. Eti "nilisahau ni upande gani." Mtu mzima na ndevu zake!

Kinyaa nilichonacho, hata mate simezi. Nimehamia kiti cha nyuma.

Na picha ameshaitupia kwenye grupu la familia. Mama mkwe amejibu: "Mkwe wangu umependeza, uso unang'aa!"